Kolesteroli ya Kurithi Si Ugonjwa wa Matajiri



Mwezi uliopita tulipitisha tena daftari la mchango wa matanga katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Jinja. Ndugu zetu Waganda huuita mchango huo mabugo, na hata sisi tusio Waganda tumelizoea neno hilo, maana hatukai mwezi bila kulitaja. Safari hii marehemu alikuwa fundi wa boila, mtu wa miaka 43, mwanachama wetu tangu juma la kwanza alipoajiriwa. Alimaliza zamu ya usiku, akanawa mikono, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa kungojea wenzake watoke pamoja. Walipomwita hakuitika.

Tungeandika tanzia fupi kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, lau si mambo tuliyoyasikia matangani. Baba yake alianguka katika shamba la miwa akiwa na miaka 46. Kaka yake alianguka njiani akienda kazini, miaka 39. Watu watatu wa nyumba moja, wanaume wenye nguvu zao, na hakuna hata mmoja aliyelala kitandani kuugua. Watu walikuwa na majibu yao, kama ilivyo kawaida ya matanga. Wako waliosema sumu, wako waliosema ugomvi wa kiwanja kule kijijini, na wako waliotaja jina la jirani kwa sauti ya chini. Sisi hatukwenda kule kubishana na wafiwa. Lakini palikuwa na muuguzi mmoja mstaafu, mama mtu mzima, aliyemshika mkono dada wa marehemu kumpa pole na asiuachie upesi. Aliona vinundu vigumu juu ya vifundo vya vidole. Akatazama kope za yule dada, akaona madoa ya manjano. Kisha akatuuliza sisi wa kiwandani swali ambalo hatukulitazamia: visigino vya marehemu vilikuwaje?

Hapo tulitazamana. Hakuna aliyefanya kazi naye asiyekumbuka viatu vyake vya mpira. Alivikata nyuma kwa kisu, kwa sababu pale nyuma, juu ya kisigino, palikuwa pamenenepa kama kamba ya meli, na kiatu kilimsugua. Sisi tulimtania kwamba amejishonea kandambili za serikali. Msimamizi wake alimwandikia barua ya onyo kwa kuharibu mali ya kampuni, na barua hiyo imo katika faili letu mpaka leo, kwa kuwa ni sisi tuliomtetea. Na alipolalamika kwamba kifua kinamchoma akipanda ngazi za boila, pale kwenye chumba cha dawa alipewa vidonge vya vidonda vya tumbo. Alipewa mara nne. Tumeuona mwenyewe ukurasa wake kitabuni.

Yule muuguzi alitueleza kuwa unene ule wa kisigino haukuwa uvimbe wa kazi. Ilikuwa kolesteroli, yale mafuta ya damu ambayo vitabu vingine huyaita lehemu, yamejikusanya ndani ya kano kwa miaka mingi. Yanapojikusanya mpaka kwenye kano, basi na katika mishipa ya moyo yamo.

Dada yake alikwenda kupima damu, pamoja na watoto wawili wa marehemu. Sisi tunaoandika haya tuliishia shule ya msingi, na karatasi za maabara tulisomewa mara tatu ndipo tukaelewa. Dada alikuwa na kolesteroli ya LDL ya miligramu 281. Kijana mkubwa, mwenye miaka 16, miligramu 236. Msichana mdogo, 94. Baba mmoja, mama mmoja, chungu kimoja cha posho na maharagwe, na bado kijana anayo zaidi ya mara mbili ya ndugu yake. Anayesema kolesteroli ni ulafi wa nyama atueleze hesabu hiyo.

Wenzetu wengi wakisikia neno kolesteroli hucheka. Husema huo ni ugonjwa wa wakubwa wenye matumbo, wanaopanda gari hata kwenda dukani. Maneno hayo hayakuzaliwa barazani tu. Yana asili, na asili yake ni hapa hapa Kampala, juu ya kilima cha Mulago.

Zamani madaktari wa Mulago na wa Chuo cha Makerere walishangazwa na jambo moja. Dkt. Hugh Trowell alitibu wagonjwa katika Afrika Mashariki kwa karibu miaka 30, na ilipofika mwaka 1956 yeye na mwenzake Singh waliona ni jambo la kuandikwa katika jarida la madaktari kwamba wamempata Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mmoja! Mwaka 1959 Dkt. Shaper na Dkt. Jones walitoa katika jarida la Lancet la London matokeo ya kupima damu ya Waafrika na Waasia wa Uganda. Waafrika waliokula matoke, viazi, muhogo na mahindi walikuwa na kolesteroli ya chini, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa kama haupo kwao. Waasia wa mji ule ule, waliotumia samli na mafuta mengi zaidi, walikuwa na kolesteroli ya juu, na moyo ulikuwa ukiwaua. Mwaka 1960 Dkt. Davies wa Mulago na wenzake wa Marekani wakatangaza hesabu ya maiti zilizopasuliwa: katika maiti 632 za Uganda waliona kovu moja tu la mshtuko wa moyo, na katika idadi kama hiyo huko St. Louis, Marekani, waliona 136.

Waliyoyaona yalikuwa kweli, na hatuna ugomvi nao. Kosa ni la waliofuata, walioichukua habari ya mwaka 1959 wakaigeuza sheria ya milele: Mwafrika hana kolesteroli, na mfanyakazi ndiyo kabisa, kwa hiyo hakuna haja ya kumpima. Hawakusoma hata lile lililoandikwa. Kama Waasia na Waafrika wa mji mmoja walitofautiana kwa sababu ya chakula na maisha, maana yake kinga yetu haikuwa ngozi. Ilikuwa chungu na miguu. Na vyote viwili vimebadilika. Babu yetu alikwenda shambani kwa miguu akala matoke na njugu. Sisi tunasimama mahali pamoja mbele ya mashine zamu nzima, na saa ya kula ikifika, dakika 30, tunakimbilia chapati iliyoogelea mafuta langoni, kwa sababu hiyo ndiyo inayopatikana kwa fedha tuliyo nayo na kwa dakika tulizo nazo.

Mtu atauliza, kama ugonjwa huu ni wa kurithi, mbona babu zetu waliorithi hawakufa vijana? Jibu zuri la swali hili lilitoka kwa Wachina. Mwaka 1998 wachunguzi walilinganisha Wachina waishio China na Wachina waliohamia Canada, wote wakiwa na kasoro moja ya kurithi ya kolesteroli. Waliokuwa Canada walikuwa na kolesteroli ya juu zaidi, vinundu vya kano na ugonjwa wa moyo. Waliobaki China, wengi wao hawakuwa na dalili. Urithi ni ule ule, maisha tofauti. Kasoro inaweza kulala katika ukoo vizazi vingi, na ikaamka pale wajukuu wanapohamia kwenye viwanda na makambi ya mashamba.

Sasa tuieleze kasoro yenyewe, maana bila kuelewa hatuwezi kudai.

Mwili wa kila mtu unahitaji kolesteroli. Ini huitengeneza, na ini hilo hilo huisafisha kutoka katika damu. Husafiri ndani ya vifurushi vidogo, na vifurushi vinavyoharibu mishipa ndivyo vinavyoitwa LDL. Juu ya ini iko milango midogo inayovipokea vifurushi hivyo na kuviondoa. Waliogundua milango hiyo ni Wamarekani wawili, Brown na Goldstein wa Dallas, na walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mtu aliyerithi kasoro kutoka kwa mzazi mmoja, karibu nusu ya milango yake haifanyi kazi tangu siku anazaliwa. Vifurushi vinazunguka, vinaganda ukutani mwa mishipa, mwaka baada ya mwaka, naye anacheza mpira na kubeba magunia kama wenzake, haumwi kitu. Wanaume wa namna hii wasiotibiwa, karibu nusu yao hupata ugonjwa wa moyo kabla ya kutimiza miaka 50. Wanawake huchelewa kidogo, kama 3 kati ya 10 kabla ya miaka 60. Wachache sana hurithi kwa baba na kwa mama pia, na hao moyo unaweza kuwashambulia wakiwa bado watoto wa shule.

Kila mtoto wa mgonjwa ana nusu ya bahati ya kurithi na nusu ya kutorithi, kama sarafu inayorushwa. Ndiyo maana kijana wa marehemu anayo na dada yake hana.

Na si jambo la nadra kama mtu anavyodhani. Hesabu zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha mtu mmoja katika kila 300 hivi. Marekani ilipopima watu wake, weusi walikuwa nayo kwa kiasi kama cha weupe. Afrika ya Kusini, miongoni mwa Makaburu, ni zaidi ya mtu mmoja katika kila 100, kwa sababu ukoo wao ulianza na watu wachache. Basi chukua shamba lenye wafanyakazi 3,000, ugawe. Ni watu kama 10. Wanakata miwa au wanachuma chai leo asubuhi, na inakadiriwa kuwa katika nchi nyingi za dunia hata mmoja kati ya kumi wa namna hiyo hajaambiwa.

Kipimo chake ni damu kidogo tu. Karatasi itakayorudi huwa na mistari minne: kolesteroli yote kwa jumla, LDL, HDL ambayo ni ile inayorudishwa ini, na mafuta mengine yaitwayo trigliseridi. Mfanyakazi aitazame kwanza LDL. Mtu mzima akikutwa na LDL ya miligramu 190 au zaidi kwa desilita, au 4.9 kama maabara inatumia kipimo cha milimoli, daktari anapaswa kuuliza habari za ukoo. Kwa mtoto ambaye mzazi wake anao ugonjwa huo, 160 inatosha kuleta shaka. Si kila namba kubwa ni ya urithi. Tezi ya shingo ikilegea, au figo zikiugua, LDL hupanda, na daktari mwenye akili ataziangalia hizo kwanza. Tena usipime ukiwa na homa kali, maana ugonjwa huishusha kolesteroli kwa muda na karatasi itakudanganya kuwa u mzima. Kufunga usiku kucha bila kula mara nyingi si lazima siku hizi, ila maabara nyingine bado hutaka. Uliza kabla ya kupoteza siku yako ya kazi.

Kipo na kipimo cha pili, ambacho kwetu Waafrika kina maana ya pekee. Kinaitwa Lp(a), hutamkwa el-pi ndogo a. Aliyeigundua ni Kåre Berg wa Norway, mwaka 1963. Ni kifurushi kinachofanana na LDL lakini kimeongezewa mkia unaokifanya kuwa kibaya zaidi kwa mishipa. Kiasi chake umekirithi karibu chote. Hakipandi ukila nguruwe, hakishuki ukila mchicha. Na watu wenye asili ya Afrika wana kiasi cha juu kuliko Wazungu, kama mara mbili au tatu kwa wastani. Hilo peke yake si hukumu ya kifo, ndugu msomaji usije ukalala macho. Lakini mtu mwenye LDL ya kurithi akiwa pia na Lp(a) ya juu, hatari yake ni kubwa kuliko ya mwenye moja. Madaktari wa Ulaya tangu mwaka 2019 wameshauri kila mtu mzima apimwe Lp(a) angalau mara moja maishani. Mara moja tu, kwa kuwa haibadiliki sana. Huko ni kila mtu. Hapa hatujafika hata kwa wale waliozika baba na kaka.

Dawa ipo. Mwanasayansi wa Kijapani, Akira Endo, aliitoa kwanza katika ukungu, ule wa kijani unaoota juu ya vyakula, katika miaka ya 1970. Vidonge vya jamii hiyo huitwa statini, na Shirika la Afya Duniani limekitia kimoja chake katika orodha ya dawa za lazima tangu mwaka 2007. Haki ya kampuni moja kukitengeneza ilikwisha zamani, kwa hiyo viwanda vingi hukitoa kwa bei nafuu. Hunywewa kila siku, maisha yote, na hushusha LDL kwa theluthi moja mpaka nusu. Mama mwenye mimba, au anayetaka kuzaa, lazima amwambie daktari kwanza. Vidonge hivi havishushi Lp(a), lakini mwenye Lp(a) ya juu daktari atamkazia zaidi LDL, presha na sigara. Kwa aliyerithi kasoro hii, kuacha chapati za mafuta ni vizuri lakini hakutoshi. Hali kadhalika kitunguu saumu. Hatuvitukani vitu vya mababu, tunasema tu kwamba milango iliyovunjika haijengwi kwa kitunguu.

Iko na dawa ya sindano, na habari yake inatuuma. Mwaka 2006 wachunguzi wa Marekani walionyesha kuwa watu weusi wachache, wawili au watatu katika kila 100, wana urithi wa kinyume: jeni moja iitwayo PCSK9 imezimika kwao, LDL yao iko chini kwa robo na zaidi, na ugonjwa wa moyo kwao ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Urithi kama huo umeonekana pia Zimbabwe. Uchunguzi huo wa damu ya watu wenye asili yetu uliwasaidia watengenezaji kupata sindano zilizoruhusiwa Marekani na Ulaya mwaka 2015. Bei yake hatuitaji hapa, maana mkata miwa hataifikia hata akiuza panga na nyumba. Tunalisema ili mtu asiseme tena kuwa mambo haya hayatuhusu.

Katika kamati yetu hawakukubaliana wote. Mzee mmoja kutoka mashamba ya chai alisimama akasema: sisi watu wetu wanakatwa vidole na mashine, wanavuta sumu za kunyunyizia magugu, wanaugua malaria na kifua kikuu, nanyi mnatuletea karatasi za kolesteroli? Hoja yake ni nzito na hatukuipuuza. Tukimtaka mwajiri apime watu wote, fedha itatoka katika glavu na barakoa, tunawajua mabwana hawa. Kwa hiyo hatudai kupima watu wote. Tunadai swali. Katika fomu ile ya uchunguzi wa afya wa kuajiriwa na wa kila mwaka, ambapo hutupima presha, mkojo na kifua, liongezwe swali moja: je, mzazi wako, ndugu yako au mtoto wako amepata mshtuko wa moyo au amekufa ghafula kabla ya miaka 55, au 60 kama ni mwanamke? Na anayehoji atazame kisigino, kope na vidole. Hilo halina gharama. Anayejibu ndiyo, au mwenye dalili hizo, ndiye apimwe LDL, na Lp(a) mara moja, kwa gharama ya mwajiri. Akipatikana, ndugu zake na watoto wake wapimwe pia, maana mmoja aliyepatikana ni mlango wa kuwapata wengine. Katika watu 3,000, wa kupimwa watakuwa wachache. Yule mzee alikubali, ingawa alisema tutaona.

Jambo tulilolishikilia zaidi ni karatasi itakaa mikononi mwa nani. Tulijifunza kwa machozi wakati wa UKIMWI, ambapo mtu alipimwa bila kuulizwa na wiki ya pili jina lake halipo kwenye orodha ya mshahara. Ilichukua miaka ya mapambano mpaka Shirika la Kazi Duniani likatoa Pendekezo namba 200 la mwaka 2010, kwamba mtu asilazimishwe kupimwa virusi ili apate kazi au abaki kazini. Kwa kolesteroli hakuna pendekezo la namna hiyo, na mwajiri akijua kwamba fulani ana moyo wa mashaka, nani atamzuia asimwachishe kabla hajaanguka? Kwa hiyo tumeandika katika madai kwamba majibu ni ya mfanyakazi, ofisi ya utumishi isiyaone, na mtu asinyimwe kazi wala asihamishwe bila kutaka kwa sababu ya namba. Sheria ya Ulinzi wa Takwimu na Faragha ya mwaka 2019 imeziweka habari za afya katika fungu la kulindwa zaidi, nasi tumeinukuu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mgonjwa mshahara kamili wa mwezi wa kwanza tu, na mwezi wa pili ukiisha hajapona mwajiri anaruhusiwa kumwachisha. Mtu aliyepata mshtuko wa moyo haponi kwa miezi miwili. Ndiyo sababu ni afadhali apatikane mapema, akiwa bado anameza kidonge kimoja na kufanya kazi.

Watatuambia serikali ilifuta ada katika hospitali zake mwaka 2001, basi twende huko. Kweli ilifuta, nasi twaishukuru. Lakini kila mmoja wetu anajua mara ngapi ameambiwa kipimo hiki hakipo leo, kanunue nje. Na Muswada wa Bima ya Afya uliopitishwa na Bunge mwaka 2021 haukutiwa saini kuwa sheria wakati ule. Hatuwezi kungoja hayo yote yakamilike ndipo tuulize swali moja katika fomu. Hata Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, iliyoanza mwaka 1988, haiwezi kumsaidia mtu asiyejua kwamba anapaswa kwenda.

Madai hayo tumeyapeleka kwa maandishi. Upande wa waajiri umejibu kwamba swali la fomu halina tatizo, gharama ya kipimo itajadiliwa, na kuhusu karatasi kubaki kwa mfanyakazi watashauriana na wakili wao. Hilo la tatu ndilo tusiloliachia. Wawakilishi wa matawi tunawaomba kabla ya kikao kijacho wapite makambini na vyumba vya zamu, wakusanye hesabu ya wenzetu waliokufa ghafula chini ya miaka 55, bila majina, tawi na umri tu.

Dada wa marehemu alifika ofisini wiki iliyopita. Ameanza vidonge, na kijana yuko mikononi mwa daktari wa watoto. Amekumbuka kwamba baba yao alikuwa na mdogo wake aliyehamia upande wa Masindi, ana watoto saba, na hawajaonana tangu mazishi ya kaka mkubwa. Anataka kwenda kuwaambia, na ametuomba barua ya chama ili wasidhani ameleta habari za uchawi. Barua tumemwandikia, na nauli tumempa kutoka mfuko wa matanga. Mweka hazina ameiandika kwa penseli mpaka kamati iidhinishe.